Tupeane uzoefu: mafunzo ya kukinga maambukizi yanayobaki wodini semina ikishaisha

Nesi_wa_Zamu
Wakuu, salaam. Semina za IPC (kukinga na kudhibiti maambukizi) tumekaa nyingi na mabango ukutani yamejaa. Bado ukiingia wodini saa nane usiku ukauliza nani kachanganya ile ndoo ya klorini, jibu ni "waliokuwepo mchana." Uzi huu ni wa mbinu za kumfundisha na kumsaidia mtumishi palepale anapofanyia kazi. Leteni vipimo, hatua na kinachoharibika. Visa vya nani alifokewa na matroni tuviache kwa leo.

Naanza na klorini. Jik ya asilimia 3.5 kupata 0.5: gawa 3.5 kwa 0.5 unapata 7, toa 1, zinabaki 6. Sehemu moja ya Jik, sita za maji. Lebo ikisema asilimia 5, ni moja kwa tisa. Darasani kila mtu anapata vema. Kinachomshinda ni hiyo "sehemu" akiwa na ndoo mkononi: Jik anapima kwa kifuniko, maji kwa jagi. Kwa hiyo mwekee alama. Ndoo ya plastiki, mstari wa makapeni kwenye lita 9, na kopo la lita moja na nusu limefungwa kamba kwenye mpini. Maji hadi mstarini, kopo moja la Jik, funika, andika saa na tarehe kwenye plasta. Kesho yake inamwagwa, na ikichafuka mapema inamwagwa mapema. Watu wanaamini harufu. Jua, damu na uchafu hula klorini, na ndoo iliyokwisha nguvu bado itanuka.

Kopo_na_Mizani
Kwa wanaotumia unga wa klorini, HTH ya asilimia 70: vijiko 10 vya chakula kwenye lita 20 za maji ni 0.5, kijiko kimoja ni 0.05. Mwenye mizani, kwa 0.5 apime gramu 7 kwa kila lita. Maji kwanza, unga baadaye. Koroga, acha nusu saa, tumia yale maangavu ya juu. Mashapo ndiyo yanayoziba koki ya ndoo. Usichanganye na dawa ya choo yenye asidi wala kitu chenye amonia, gesi yake inakaba pumzi. Na jamani bomba la kupulizia wekeni stoo. Ukipuliza unarusha uchafu hewani na kuumiza macho na mapafu ya anayepuliza. Damu sakafuni: funika kwa kitambaa cha kufyonza, mwagia 0.5, subiri dakika 10, ondoa, ndipo usafishe kwa maji na sabuni.

Chumba_cha_Vifaa
Dada Nesi, hiyo ndoo ikiishia sakafuni tuko pamoja. Ikiingizwa koleo na mikasi, hapana. Tulifundishwa kuloweka vifaa dakika 10 kabla ya kuosha, na wengi bado wanafundisha hivyo, lakini mwongozo wa WHO wa 2016 hauungi mkono. Damu inaidhoofisha klorini, chuma kinaliwa, na anayebeba beseni anarukiwa. Futa damu mara tu baada ya kutumia, weka kifaa kikiwa na unyevu ndani ya chombo chenye mfuniko, peleka kuoshwa. Kuosha ni kwa sabuni ya maji, brashi laini, kifaa kikiwa *chini* ya maji ili matone yasiruke, bawaba zote zimefunguliwa. Anayeosha anavaa glovu nzito za mpira, aproni ya plastiki, miwani na buti. Glovu za kupimia wagonjwa zinatoboka hapo hapo.

Nyanda_za_Juu
Mkuu wa Vifaa, gusia na otoklevu, ile mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke. Huku kwetu geji inasoma 15 kama kitabu kinavyosema, lakini kipimo cha spora bado kinaota, yaani vimelea havikufa.

Chumba_cha_Vifaa
Uko mwinuko gani? Hapo ndipo wengi wanakwama. Mgandamizo wa pauni 15 kupata joto la nyuzi 121 ni hesabu ya usawa wa bahari, Tanga au Mombasa. Geji inapima tofauti na hewa ya nje, na ukipanda mlimani hewa ya nje inapungua. Ongeza takriban nusu pauni kwa kila mita 300. Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi, unahitaji karibu 18. Ukisimama kwenye 15 hujafika 121. Kama mashine ina kipimajoto, fuata hicho, geji iwe shahidi tu.

Mengine yanayoangusha mzigo: hewa haikutolewa kabla ya kufunga vali, kwa hiyo acha mvuke utoke mfululizo kwanza. Furushi zimebanwa kama nguo za safari, mvuke haupiti. Dakika zimehesabiwa tangu moto ulipowashwa, ilhali hesabu inaanza joto likifika: 20 kwa visivyofungwa, 30 kwa vilivyofungwa. Kisha haraka ya kutoa. Subiri geji irudi sifuri, achia mfuniko kidogo, furushi zikauke humo ndani hadi nusu saa. Ukiziweka za moto juu ya meza ya baridi zinatoa jasho, na furushi lenye unyevu halihesabiki kuwa limetakaswa. Ile tepu yenye mistari inasema tu kwamba furushi lilipita kwenye joto. Haisemi vimelea vimekufa.

Nyanda_za_Juu
Asante sana mkuu. Tupo juu kuliko Mbeya. Nimeelewa.

Vidole_Gumba
Mafunzo ya mikono bila mradi wala taa ya zambarau: mvalishe mtumishi glovu nyeupe, mtilie kiganjani rangi ya maji, mililita 3, mwambie afumbe macho na asugue kama anavyosugua kila siku. Akifumbua ataona mwenyewe palipobaki peupe: gumba, ncha za vidole, mgongo wa mkono usiotawala. Dakika tano, na hakuna aliyehutubiwa.

Kitakasa mikono mnaweza kutengeneza famasi. Lita 10: ethano ya asilimia 96 mililita 8,333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 417, gliserini mililita 145, jazia maji yaliyochemshwa yakapoa. Chupa zikae saa 72 kabla ya kugawiwa, peroksaidi iue spora zilizomo. Mkono ukinata, gliserini imezidi. Na chupa haijaziwi juu ya masalio; ioshwe na ikaushwe kwanza. Mbali na moto.

Kagera_Leo
Niongeze moja kwa wanaosubiri majibu ya maabara ndipo wavae. Mlipuko wa virusi vya Marburg wa Rwanda wa 2024 ulikuwa na wagonjwa 66, wengi wao wahudumu wa afya. Kagera 2023 nako wahudumu walikuwemo. Mgonjwa wa kwanza huja na homa tu kama mwenye malaria. Glovu na kunawa ni kwa kila mgonjwa, na kituo cha kupima homa kiwe langoni, kabla ya benchi la kusubiria.

Sefti_Boksi
Upande wa kumsaidia aliyechomwa sindano, maana hapo ndipo watu huficha. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usikamue, usimwagie Jik. Toa taarifa saa hiyohiyo: PEP (dawa za kuzuia VVU baada ya mchomo) ianze ndani ya saa 2 ikiwezekana, mwisho saa 72, siku 28 bila kuruka. Dozi ya kwanza ikae wodini, kwa sababu usiku famasi imefungwa na mwenye funguo yuko nyumbani. Fomu isiwe na sehemu ya "kosa la nani."

Homa ya ini B inasahaulika, wakati kwa asiyechanjwa hatari yake kwa mchomo mmoja inafika hadi 30 kwa 100, na ya VVU ni kama 3 kwa 1,000. Chanjo ni tatu: leo, mwezi wa 1, mwezi wa 6. Boksi la sindano lifungwe likifika robo tatu.

Mama_Usafi
Na sisi wa usafi hiyo chanjo inatuhusu?

Sefti_Boksi
Inawahusu kwanza, mama. Sindano iliyotupwa kwenye mfuko wa njano inamchoma anayebeba mfuko. Shika fundo la juu, usiukumbatie, usiukandamize kwa mguu. Kwenye orodha ya chanjo ya kituo dai jina lako liwemo, hata kama mwajiri wako ni kampuni ya nje.