Wenzangu waendeshe programu yangu kwenye seva ya pamoja bila kuisoma, inawezekana?

kidole_juu:
Wakuu habari zenu. Nina programu yangu ya Python, ripoti.py, nimekesha nayo mpaka macho yakawa mekundu, inachukua faili la data inatema ripoti safi. Iko kwenye folda ya /opt/ripoti ya seva ya Linux tunayotumia watu kama kumi na kitu, kila mtu na akaunti yake, tunaingia kwa mbali kwa SSH. Sasa wenzangu wanataka kuitumia na mimi sina kinyongo, waitumie tu, ila sitaki mtu afungue faili asome nilivyofanya au achukue kopi atokomee nayo. Nikaona dawa ni chmod 711, ile amri ya kupanga ruhusa za faili (r ni kusoma, w ni kuandika), mimi nabaki na kila kitu wengine wanabaki na x peke yake, si x ndo kuendesha? Mwenzangu kujaribu anaambiwa python3 imeshindwa kufungua faili, Permission denied. Nikirudisha 755 inakubali ila ndo hivyo kila mtu anaisoma. Nimekosea wapi jamani?

bainari_tupu:
Hujakosea mkuu, ni vile yako ni skripti, yaani maandishi yanayosomwa na programu nyingine. 711 inafanya kazi kwa programu iliyokompailiwa, yaani iliyogeuzwa kuwa bainari ya lugha ya mashine, ya C au Go kwa mfano, maana pale kerneli (kiini cha Linux) yenyewe ndo inapakia faili kwenye memori, yuza hahitaji r. Kwa skripti kerneli inasoma ule mstari wa kwanza wa #! inaona imeandikwa python3, basi inaiita python3 na kuikabidhi jina la faili lako, na hiyo python3 inaendeshwa kwa jina la mwenzako sio lako wewe, ikienda kufungua faili inagonga mwamba. Kwenye skripti asiye na r hana kitu. Ifungashe kwa PyInstaller, chombo cha kufungasha programu za Python, iwe faili moja la bainari halafu ndo uweke 711, umemaliza.

mzee_wa_terminali:
Hapo kwa PyInstaller nakataa. Faili lile moja linapoanza linajifungua lenyewe ili litoe vitu vilivyomo ndani yake, sasa ukilinyima r litajifunguaje? Utapata kosa lile lile kwa mlango mwingine. Na ukilipa r linaenda kumwaga vilivyomo kwenye folda ya muda ndani ya /tmp, na mwenye folda hiyo ni yule aliyeiendesha, yaani mtu yule yule unayemficha. Hata ile 711 ya bainari za C msiisifie sana, kama imeunganishwa na maktaba za nje mtu anayejua LD_PRELOAD (mpangilio wa kupakia maktaba ya ziada kwanza) anaingiza maktaba yake ndani ya programu yako inapoanza, anakopi memori yote. Inamzuia mdadisi tu, mtu aliyedhamiria haimsumbui.

kidole_juu:
Duh. Nimejaribu pia setuid, chmod 4711, nikidhani itaendeshwa kwa jina langu mimi, Permission denied ile ile hata haijali.

mzee_wa_terminali:
Linux inapuuza setuid kwenye skripti, na ina sababu yake. Kati ya kerneli kulitazama faili na python kulifungua kuna upenyo mdogo, mtu akipita kwa symlink (faili linaloelekeza kwenye faili jingine) anabadilisha faili hapo katikati, anaendesha la kwake kwa jina lako.

Kabla hujaenda mbali hebu piga namei -l /opt/ripoti/ripoti.py, inaonyesha ruhusa za kila folda njiani, utuwekee inachosema, watu wengi wanafunga faili wanasahau folda.

kidole_juu:
/opt iko sawa, ni ya root, akaunti kuu ya seva. Folda ya ripoti ni drwxrwxrwx, yaani 777, kila mtu ana r, w na x, nilifungua siku ile kuna mtu alikuwa anashindwa kuweka data yake. ripoti.py ni -rwx--x--x.

mzee_wa_terminali:
Ndo hapo sasa. Mwenye w kwenye folda anaweza kulifuta faili lako akaweka la kwake lenye jina hilo hilo, hata kama la kwako umelifunga 700, maana kufuta ni kuandika kwenye folda sio kwenye faili. Wenzako wangeendelea kuliendesha wakidhani ni la kwako. Toa hiyo 777 leo leo.

dada_wa_seva:
Mimi naendesha seva ya namna hiyo kwa hiyo nikwambie tunavyofanya, ila utahitaji admini wako akusaidie kwa dakika chache. Atengeneze akaunti ambayo haiingii kwa SSH, tuiite mripoti, yenye kundi lake la jina hilo ambalo hamna mtu mwingine ndani. Folda na faili mwenyewe ubaki wewe, kundi liwe mripoti, folda 750 faili 640, hapo wewe unahariri, mripoti inasoma, wengine hawaoni hata orodha. Kisha faili dogo la shell (programu inayopokea amri unazoandika) liitwe endesha, nalo 750, ndani yake ni exec python3 -I /opt/ripoti/ripoti.py na #!/bin/sh juu yake. Hiyo -I inaizuia python isisikilize PYTHONPATH (orodha ya folda za kutafutia maktaba) wala maktaba ambazo mtu ameziweka pembeni. Halafu admini kwa visudo, amri ya kuhariri kanuni za sudo (sudo inaendesha amri kwa jina la akaunti nyingine), anaongeza mstari huu:

%watumiaji ALL=(mripoti) NOPASSWD: /opt/ripoti/endesha ""

Watumiaji ni kundi la wenzako, na aliyeongezwa leo atoke aingie upya ndo lishike. Zile alama za nukuu tupu mwishoni msiziache, maana yake ni kwamba haruhusiwi kuongeza neno lolote baada ya amri. Ungeruhusu jina la faili, mtu mjanja angeipa programu yako ripoti.py yenyewe kama ndo data, na yenyewe ina haki ya kuisoma, ikilalamika kwamba mstari wa kwanza haueleweki na kuuchapa hapo, imeshaanza kujianika. Data waingize hivi:

sudo -u mripoti /opt/ripoti/endesha < data.csv > matokeo.txt

Faili la data linafunguliwa na shell ya mwenye data kabla sudo haijaanza, kwa hiyo hata kama folda yake kaifunga 700 inapita, mripoti haihitaji kuingia kwake. Na root anaona kila kitu, huyo humfichi kwa ruhusa za faili hata ufanyeje.

kidole_juu:
Dada ubarikiwe, admini kafanya na imekubali, nimebadilisha programu isome sys.stdin, yaani data inayoingizwa na shell, badala ya jina la faili. Mwenzangu kapiga cat /opt/ripoti/ripoti.py kanyimwa, cp kanyimwa, ls kanyimwa, nikafurahi. Halafu bakapu ya programu yangu, faili la tar, nikaikuta imekaa /tmp tangu mwezi uliopita, -rw-r--r--, yaani kila mtu anaisoma, nimeifuta huku naona aibu, sijui nani kashaichukua. Ila kuna kituko, mwenzangu kachoka kusubiri kapiga Ctrl+C katikati, skrini ikamwonyesha mistari minne ya programu yangu na jina la kila fanksheni. Kanitumia picha kaweka kicheko.

bainari_tupu:
Hahaha hiyo ni traceback, Python ikikatizwa au ikikosea inachapa mistari ya faili yenyewe, na inalisoma kwa jina la mripoti ambayo ina ruhusa. Mstari wa kwanza kabisa weka import sys, wa pili sys.tracebacklimit = 0, kabla ya import nyingine zote. Itabaki jina la kosa na ujumbe wake tu. Maelezo kamili ya makosa yashike kwa try uyaandike kwenye logi ndani ya folda ambayo mripoti inaweza kuandika na wengine hawafiki.

kidole_juu:
Nimeweka. Kapiga Ctrl+C mara tatu, anapata KeyboardInterrupt basi. Sasa anadai nimemharibia burudani.