"Nyuki wana mabawa, si wangeruka?" Huyu mtu atatumaliza huku Tabora

MrinaWaMiyombo

Wakuu, nimetoka kwenye kikao cha kijiji sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Herufi zikirukaruka mnivumilie.

Yule bwana mnamjua. Huku kwetu hata mbuzi wanamjua. Septemba ikiingia tu, kiberiti kinamuwasha mfukoni. Anataka majani mabichi yachipue ng'ombe wake wale, basi anatia moto pori, anapiga kiki pikipiki, huyoo. Hageuki hata kuangalia moto umeelekea wapi. Safari hii umeelekea kwenye mizinga yangu.

Nimesimama mbele za watu nimeeleza kwa adabu zote. Mwenyekiti akamgeukia, "Bwana, unasemaje?" Akacheka. Akasema: "Nyuki wana mabawa. Si wangeruka?"

Na watu WAKACHEKA.

Wangeruka! Malkia anayetaga ni mzito, kuruka kwenyewe ni shida. Majana, watoto wa nyuki waliomo kwenye masega, hayana mabawa, hayana hata miguu. Nyuki wakisikia moshi wanakimbilia ndani kwanza, wanajaza asali tumboni, na nta inaanza kuyeyuka ikifika nyuzi 60 na kidogo. Nimeukuta mzinga wa gome umeanguka chini ya mti wa mtundu, umepasuka, asali na nta na majivu vimeganda pamoja vyeusi kama lami, majana yameivia humo humo ndani. Mtu mzima, mwenye wajukuu, anaulizwa habari ya hicho kitu, anajibu SI WANGERUKA.

Na asije mtu hapa kunifundisha kwamba pori la miombo limezoea moto. Najua. Sisi tunachoma Mei na Juni, jioni, nyasi zikiwa bado na unyevu. Moto unatambaa chini chini, umande unauzima usiku, na moto mkubwa ukija baadaye unakosa cha kula. Septemba na Oktoba kila kitu kimekauka, upepo mkali, na mitundu na miyombo ndiyo kwanza inatoa majani mapya na maua. Hata nyuki wangeruka kweli, wakirudi wale nini? Masizi?

Kijiji kizima kikacheka. Sitasahau mpaka naingia kaburini.

Ndizi_Mzuzu

Pole mkuu. Ila "kiberiti kinamuwasha mfukoni" nimecheka mpaka mtoto kaamka. Na wa kwetu Kaliua yupo, yuleyule, pikipiki ileile. Au kafungua tawi?

BabaMitamba

Tuseme ukweli. Warina asali ndio mnaongoza kuchoma misitu. Mnapanda na mienge usiku, mkishuka mnaitupa popote. Leo umeguswa wewe ndiyo moto umekuwa haramu? Na pori lisipochomwa kupe wanatumalizia ndama. Halafu hiyo mizinga ulifyeka barabara ya moto kuizunguka, au ulikuwa unamwachia Mungu?

MrinaWaMiyombo

Mienge ni ya wezi wa asali, mimi natumia bomba la moshi. Na nilifyeka. Moto wa Septemba unarusha cheche juu kwa juu, barabara ya moto hauioni. Ungekuwepo ungemsikia. Mabawa! Mbele ya mwenyekiti!

SeremalaMninga

Kwa wanaobisha habari ya mwezi: Ndola, Zambia, toka mwaka 1933 walitenga vipande vya pori la miombo. Kimoja wakawa wanakichoma mapema kila mwaka, kingine mwishoni mwa kiangazi, kingine hawakugusa. Kile cha kuchelewa miti ya miombo ilikwisha, zikabaki nyasi. Kile ambacho hakikuguswa kikafunga msitu. Sheria ya Misitu ya 2002 ina sehemu nzima ya moto, sijui nani huwa anaisoma.

Mimi naiona kwenye mninga. Mche wake unaungua juu, unabaki mzizi, unachipua tena, unaungua tena, miaka na miaka, mpaka siku upate nafasi ya kupita urefu wa ndimi za moto. Mkichoma kila Septemba hiyo nafasi haiji. Halafu mnakuja kwangu mnalia kitanda ghali.

Ndizi_Mzuzu

Kitanda chako ni ghali hata pori lingekuwa limejaa mininga. Nilikuachia nusu ya hela, mpaka leo naambiwa mbao hazijakauka.

MpagaziMarangu

Nyinyi mizinga, sisi mlima mzima. Oktoba 2020 Kilimanjaro iliungua zaidi ya kilomita za mraba 90. Ile miti ya erika juu kabisa ya msitu ndiyo inayokamata ukungu, matone yanadondoka, maji yanashuka mpaka kwenye mifereji yetu. Ikiungua, ukungu unapita hivi hivi. Na lawama tukabeba sisi, eti mtu alikuwa anapasha chakula. Tangu hapo wapagazi wote tumekuwa watuhumiwa, mgeni akinusa moshi ananiangalia mimi!

BabaMitamba

Serengeti sotoka, ule ugonjwa wa ng'ombe uliokuwa unaua na nyumbu, ilipoisha miaka ya 1960 nyumbu waliongezeka, wakala nyasi, moto ukapungua, miti ikarudi. Kwa hiyo ng'ombe wanazuia moto. Wafugaji mtushukuru.

SeremalaMninga

Nyumbu alikula nyasi. Hakuzichoma kwanza ndiyo akale.

MamaMiwa

Jamani nyie wote mna nafuu. Huku bondeni kwenye miwa wanachoma shamba ndiyo wavune, majani makavu yaishe na nyoka watoke. Masizi yanapaa, yanakuja kutua kwenye kamba yangu ya nguo. Marefu, meusi, laini. Ukigusa tu umeshachora. Jana shuka zote, na wageni wanaingia Ijumaa!

Ndizi_Mzuzu

Dada, usipanguse! Yakung'ute yakiwa makavu, ukiweka maji umekwisha.

MpagaziMarangu

Shemeji yangu anaishi huko, wanafua usiku. Wakiona moshi tu kijiji kizima kinakimbilia kamba.

MrinaWaMiyombo

Wakuu, uzi wangu. Mtu kasema nyuki wana mabawa, na kesho nakutana naye kisimani.

Bibi_Tanga

MamaMiwa mwanangu, hizo shuka ni pamba au zile za kuteleza? Pamba loweka kwa ndimu na chumvi, anika juani, usikimbilie jiki.

MamaMiwa

Shikamoo bibi. Ni pamba. Jiki nishaweka, zimekuwa njano.