Ukisasisha programu ya usanifu, faili inafura. Na hakuna anayekwambia kwa nini!

Wadau wa usanifu na uchapaji, kuanzia Nakuru, Kisumu, Kakamega hadi Busia, jambo hili limepita kiasi na lazima lisemwe. Mtu anasasisha programu, anafungua kazi ile ile ya mwaka jana, anasogeza neno moja, anahifadhi, na faili inatoka imefura. Maandishi ni yale yale, picha ni zile zile. Kisha anashauriwa anunue diski kubwa zaidi. Hapana! Kazi haijaongezeka hata chembe. Kilichoongezeka ni nakala ambazo programu inazipakia ndani bila kuuliza, kwa sababu mipangilio imewashwa kiwandani na watu wanaodhani kila mtu duniani ana intaneti isiyo na kikomo. Huku kwetu bando linahesabiwa. Gmail haikuruhusu kutuma kiambatisho kinachozidi MB 25. Nafasi ya bure ya Google ni GB 15, na humo barua, picha na faili zote zinabanana.

Tuanze na Illustrator, programu ya kuchora ya Adobe. Unapohifadhi, dirisha la mwisho lina kisanduku "Create PDF Compatible File", na kwa kawaida kina tiki tayari. Maana yake ni kwamba ndani ya faili moja ya AI (faili ya Illustrator yenyewe) kuna kazi yako, kisha kuna kazi hiyo hiyo tena kwa umbo la PDF. Mbili kwa bei ya moja, na bei unalipa wewe. Kwa faili ya kufanyia kazi mezani kwako, toa tiki hiyo. Usiitoe kwenye faili utakayoiingiza InDesign (programu ya kupanga kurasa) au utakayompa mtu asiye na Illustrator, maana atakachoona ni ukurasa wa onyo tu. Hapo hapo kuna "Include Linked Files": ikiwa na tiki, kila picha uliyoiunganisha kwa nje inamezwa ndani.

Kwenye PDF ndiko uharibifu ulikokithiri. "Preserve Illustrator Editing Capabilities" inafanya kinyume cha lile la kwanza: inaficha faili nzima ya AI ndani ya PDF. Mwenye mashine ya kuchapa haihitaji hata kidogo. Itoe kila unapotoa PDF ya kuchapwa. Nimechoka kuona PDF ya kadi ya biashara inayoshinda kitabu kizima kwa uzito kwa sababu ya tiki moja.

Vivuli na ukungu navyo ni pikseli (nukta za rangi), si mistari. Nenda "Effect", kisha "Document Raster Effects Settings". Hati ikiwa kwenye dpi 300 (nukta 300 kwa inchi) badala ya 72, kila kivuli kinabeba pikseli zaidi ya mara 17. Kadi na vipeperushi viache kwenye 300. Bango la ukutani linaloundwa kwa kipimo chake halisi halina haja hiyo. Ukishabadilisha, kagua kazi upya, maana ukungu unaweza kubadilika sura kidogo.

Sasa niwageukie wenzetu wa mabango, kwa sababu hapa kosa si la programu peke yake. Nani aliyewafundisha watu kudai dpi 300 kwa kila kitu? Pigeni hesabu. Bango la mita 3 kwa mita 1 kwenye 300 ni pikseli 35,433 kwa 11,811. Kwa CMYK (rangi nne za kuchapia) ya biti 8, kila pikseli inakula baiti 4: hiyo ni takriban GB 1.67 kwa leya (tabaka) moja tu, kabla ya kubanwa. Ukiteleza ukaiweka biti 16, zidisha mara mbili. Tena PSD, faili ya kawaida ya Photoshop, haipokei zaidi ya pikseli 30,000 kwa upande mmoja wala zaidi ya GB 2, kwa hiyo Photoshop inakulazimisha uende PSB, faili yake ya kazi kubwa, na programu nyingine nyingi hazifungui PSB. Bango hilo hilo kwenye 100 ni takriban MB 186. Moja ya tisa! Mtu anayelisoma akiwa ng'ambo ya barabara pale Kondele, Kisumu, hataona tofauti yoyote. Wenye mashine, andikeni 100 kwenye maagizo yenu na mlisimamie hilo.

Photoshop yenyewe ina "Maximize PSD and PSB Compatibility" kwenye mapendeleo ya "File Handling". Hiyo inaongeza nakala nzima ya picha, leya zote zikiwa zimeyeyushwa kuwa moja, juu ya leya zenyewe. Izime kama faili itafunguliwa kwa Photoshop peke yake. Iache kama inaingia Illustrator au InDesign. Smart Object (picha iliyofungwa ndani ya leya ili isiharibike) nayo hubeba picha ya asili nzima hata ukiipunguza iwe ndogo kama stempu. Ukiirudufu kwa "New Smart Object via Copy", asili inabebwa mara ya pili. Ctrl+J inatumia asili ile ile. Picha kubwa itoe nje kwa "Convert to Linked", ila kumbuka kuituma pamoja na faili.

CorelDRAW, ambayo ndiyo mkate wa wengi wetu, ina mtego wa PowerClip, yaani kuweka picha ndani ya fremu. Picha uliyoificha kwenye fremu haijakatwa. Ipo yote, pamoja na sehemu isiyoonekana. Nenda menyu ya "Bitmaps": "Crop Bitmap" inakata kwelikweli ile uliyoipunguza kwa zana ya Shape, na "Resample" inashusha pikseli. Hapa ndipo vijitabu vya mazishi vinapofia. Picha ya simu ya pikseli 4,000 kwa 3,000 ikifunguliwa ni MB 36 za RGB (baiti 3 kwa kila pikseli). Ziwe 20, ni MB 720. Ilhali kila moja inakaa kwenye kisanduku cha sentimita 5, ambacho kwa 300 kinahitaji pikseli 591 tu kwa upana. Zikipunguzwa kwanza, zote 20 hazifiki MB 16. Familia inasubiri kijitabu kabla ya Ijumaa, na kompyuta imeganda kwa pikseli ambazo hakuna jicho litakaloziona. Inauma.

Halafu mtego wa toleo. Duka la kuchapa lina toleo la zamani la programu, faili mpya haifunguki, basi mtu kwa haraka anageuza kazi yote kuwa picha moja ya 300 ili "ipite". Maandishi yanapoteza makali na faili inafura zaidi. Uliza toleo lao kwanza, kisha "Save As" na uchague toleo hilo kwenye orodha, au peleka PDF/X-1a, aina ya PDF ya kuchapia. Geuza fonti kuwa mikunjo (curves), yaani michoro, kwenye nakala, kamwe si kwenye faili ya asili.

Watengenezaji wa programu, ombi letu ni dogo: wakati wa kuhifadhi, onyesheni kila tiki inaongeza megabaiti ngapi. Mnazijua. Tuonyesheni.

NYONGEZA: Kwa wanaouliza kama wabane faili kwa zipu kabla ya kutuma: kwa CDR, faili ya CorelDRAW, haisaidii sana, kwani tangu toleo la X4 ndani yake tayari ni zipu. JPEG ni vivyo hivyo. TIFF isiyobanwa ndiyo inayopungua. Ihifadhi kwa LZW (njia ya kubana), na kama ni ya biti 16, tumia ZIP, maana LZW hapo huweza hata kuiongeza.