Tumelipia pampu ya joto la ardhini 2025 ila imewashwa Januari 2026, punguzo la kodi tunapata?

mama_wawili_MN
Habari zenu jamani. Tuko Minnesota, Marekani, nyumba tulikuwa tunaipasha na gesi ya propeni na kila winta tunajaza tangi mpaka roho inauma. Mwaka jana Oktoba tukaingia mkataba wa pampu ya joto la ardhini, tukalipa nusu palepale maana jamaa wa mauzo alisema lile punguzo la 30% la serikali kuu linaisha 31 Desemba 2025 na ukishalipa tu umeshaingia. Visima wamechimba Novemba, mabomba yakalala, mashine ikachelewa ikaja kuwashwa Januari. Sasa risiti zote za 2025 ninazo, nijaze fomu 5695 ya kudai hilo punguzo au? Hela hiyo tulishaipigia hesabu ya kupunguza mkopo.

kodi_na_maisha
Pole sana dada. Kwa ulivyoeleza, hapana. Kifungu cha 25D, ndo cha hilo punguzo lenyewe, kinahesabu siku ufungaji ulipokamilika, sio siku uliyotoa hela. Sheria ya 2022 ilisema 30% itakaa mpaka 2032, ndo ile sheria mpya iliyosainiwa 4 Julai 2025 ikaja kuikata. Zamani ukichelewa unadai tu mwaka unaofuata hupotezi kitu, watu wa mauzo wamezoea hivyo. Na kontrakta akikuambia akuandikie invoisi ya Desemba kataa kabisa, sahihi kwenye fomu ni yako.

kijana_wa_naivasha
Samahani naingilia, kwani huko nako kuna mvuke chini kama Olkaria??

fundi_baridi
@kijana hapana, Olkaria wanafuata mvuke wa kuzungusha mitambo ya umeme, wanachimba mpaka kilomita 2, 3. Hii ya nyumbani kisima ni mita 50 mpaka 150 hivi, huko chini joto halibadiliki sana hata juu kukiwa na barafu, maji ya kwenye bomba yanazunguka yanalibeba, kompresa inalipandisha, ni kama friji iliyogeuzwa. Kiangazi inatoa joto la nyumba inalirudisha ardhini. Umeme inakula ila uniti moja inakupa joto la uniti 3 au 4, ndo maana propeni haioni ndani.

Mama wawili, waulize shirika lenu la umeme, mengi yanarudisha hela kidogo kwa pampu hizi na hiyo haihusiani na 25D. Na kwa ambao hawajaanza, kuna njia ya kukodisha, mashine inakuwa ya kampuni, yenyewe ndo inadai punguzo la biashara ambalo bado lipo, wewe unalipa kwa mwezi. Soma mkataba vizuri lakini, ukitaka kuuza nyumba inakuwaje.

kodi_na_maisha
Dada, hiyo ahadi ya "ukilipa umeingia" iko kwa maandishi?

mama_wawili_MN
Asanteni. Mkatabani haimo, ila nimeikuta kwenye imeili yake ya Oktoba, kaandika kabisa lipa kabla ya Desemba upate 30. Awamu ya mwisho hatujawalipa bado, kesho naenda nayo ofisini kwao.