Cessna 172 ikidunda wakati wa kutua: kwa nini gurudumu la mbele ndilo huvunjika?

Kipanga14 ameuliza:
Wakuu, salamu. Nina swali kwa wakufunzi na mafundi wa ndege. Ajali za wanafunzi wa urubani wakati wa kutua hufanana sana: anga ni jeupe, upepo si wa kutisha, ndege inagusa lami, inadunda, inagusa tena, na mdundo wa pili au wa tatu gurudumu la mbele linakatika, propela inachimba lami. Kwa nini midundo inakua badala ya kufifia, wakati throto (kishikio cha nguvu za injini) imeshafungwa? Na rubani afanye nini pale, hatua kwa hatua? La mwisho, kuna tofauti gani kati ya kutua Malindi, pwani, na kutua uwanja wa Wilson, Nairobi?

Mkufunzi_Ranwei amejibu:
Mkuu, chanzo kiko nyuma kabla ya kugusa: kasi. Kwa 172S (toleo mojawapo la Cessna 172), flapu (vibao vya nyuma ya mabawa) zikiwa chini kabisa, kitabu cha ndege kinataka noti (maili za baharini kwa saa) 60 hadi 70 kwenye mkondo wa mwisho, yaani ushukaji wa kuelekea ranwei. Chukua 65 kama lengo. Mwanafunzi akija na 75, nguvu ya mwendo haijapanda kwa noti 10 tu. Inakwenda kwa mraba wa kasi, kwa hiyo amebeba karibu theluthi moja zaidi. Karibu na ardhi, chini ya urefu wa mabawa (mita 11 hivi), ndege inakuwa nyepesi na haitaki kukaa. Ranwei inakwisha mbele ya macho yake, naye anaisukuma ishuke. Hapo gurudumu la mbele linatangulia kugusa.

Kituo cha uzito kiko nyuma ya gurudumu hilo. Likigonga, pua inatupwa juu, mabawa yanapata pembe kubwa dhidi ya upepo, na kwa sababu kasi bado ipo, ndege inapaa tena. Throto haihusiki. Mwanafunzi anaona anga, anasukuma usukani. Lakini ndege huchelewa kuitikia, na inapoitika tayari ilikuwa imeanza kushuka yenyewe. Inaingia lamini pua chini zaidi kuliko mara ya kwanza. Kila marekebisho yanafika yamechelewa, ndiyo maana mdundo unakua.

Cha kufanya:

Mdundo mdogo, ranwei bado ndefu: usisukume. Shikilia pua kwenye mkao wa kutua, ongeza nguvu kidogo kulainisha ushukaji, kisha tua upya kwa magurudumu ya nyuma.

Mdundo mkubwa, au umeshadunda mara mbili: ghairi kutua. Throto yote mbele, pedali ya kulia ili pua isivutwe kushoto, flapu kutoka nyuzi 30 hadi 20 mara moja, shika noti 60. Ukivuka vikwazo na kufika 65, toa zilizobaki kidogo kidogo. Usizitoe zote kwa mkupuo, ndege itazama. Na jiandae kwa mkono: ndege uliyoitrimu (uliyoiweka ijishikilie yenyewe) kwa kutua, ukiipa nguvu zote itainua pua kwa nguvu. Usipoizuia, stoli (mabawa kupoteza nguvu ya kubeba ndege) inakukuta futi chache tu juu ya lami, na hiyo ni mbaya kuliko gurudumu lililovunjika.

Kwa maoni yangu, kughairi kutoka kwenye mdundo kufundishwe kabla mwanafunzi hajaruka peke yake. Wengi wanafundishwa kughairi wakiwa futi 300, ambako hakuna presha yoyote.

Fundi_Hanga amejibu:
Naongezea upande wa chuma. Miguu ya nyuma ya 172 ni chuma kinachonesa, kinameza kipigo. Mguu wa mbele ni shokapu ya mafuta na hewa, na umefungwa kwenye ukuta wa bati unaotenganisha injini na kabini. Shokapu ikifika mwisho, mzigo wote unaingia kwenye bati hilo.

Kwa hiyo ndege ikidunda vibaya halafu "ikaonekana nzima", msiirushe. Iandikwe kwenye kitabu cha ndege, ikaguliwe. Tunatafuta bati lililokunjamana sehemu ya chini karibu na mguu, riveti zenye masizi pembeni (zimelegea na zinasugua), na pedali zilizokuwa nzito ghafla, kwa sababu ukuta ukipinda mitambo ya pedali inabana.

Ncha ya propela ikigusa lami, hata kama injini haikuzima, usinyooshe ncha ukaendelea. Kipigo kimepita kwenye krankishafti na gia zake za nyuma. Injini inashushwa, inafunguliwa na kukaguliwa.

Upepo_Mashariki amejibu:
Kuhusu Wilson: uwanja uko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari. Kipima kasi kinasomeka 65 kama kawaida, lakini kwa kuwa hewa huku ni nyepesi, mchana wa joto kasi halisi inakaribia 73. Aliyezoea pwani anaona ardhi ikikimbia, anadhani amezidi, anapunguza kasi ambayo alikuwa anaihitaji. Amini kipimo. Tarajia pia ndege kukimbia lamini mbali zaidi kabla ya kusimama.

Kitufe chekundu nacho, kile cha mchanganyiko wa mafuta na hewa: orodha ya ukaguzi inasema mafuta yote kabla ya kutua, lakini kwa injini isiyo na tabo (turbo, pampu ya kuisukumia hewa) kwenye mwinuko huu, ukighairi injini itasongwa na mafuta na kukunyima nguvu. Kiweke mapema mahali pa nguvu ya juu kabisa.

Upepo ukitoka nyuzi 090 za dira kwa noti 12, ranwei 14 (namba ni mwelekeo wa dira bila sufuri ya mwisho, yaani 140) inakupa karibu noti 9 za ubavuni, ranwei 07 kama 4 tu. Mwanafunzi aombe 07.

Kipanga14:
Shukrani sana. Macho yaangalie wapi wakati wa kuinua pua?

Mkufunzi_Ranwei:
Mwisho wa ranwei, si lami iliyo mbele ya pua. Ukiangalia karibu unainua mapema, ndege inaning'inia futi 10 juu na kuanguka. Na usiache kuvuta usukani baada ya magurudumu ya nyuma kugusa. Pua ishuke yenyewe kasi inapokwisha.