Tupeane uzoefu: Muuzaji alikuganda hadi ukaona aibu kuondoka, ulijitoaje? (Kigoma na Tabora)

Wakuu, habari za jioni. Naandika kutoka Mwanga, Kigoma mjini. Jambo hili linaniuma muda mrefu, na linaniuma zaidi nikiona wazee na mabinti wanaotoka vijijini wanavyofanyiwa wakija mjini na pesa yao ya mahesabu.

Simsemi mtu anayesimama mbele ya duka lake akaita "karibu mteja". Huyo anatafuta riziki, kuita ni haki yake. Namsema yule anayekushika mkono, anayekufungia kitu kabla hujakubali, anayekuhoji mpaka unajiona wewe ndiye mkosaji.

Nianze na vitenge, maana hapa kwetu ndiko vinakopita kutoka Kongo na Burundi. Ukisimama tu kutazama, kijana ameshakikunjua, amekutupia begani, anamwita jirani yake wa duka la pili: "Njoo umwone mama alivyotoka!" Unasema bei kubwa. Anajibu, "Bei ni maelewano mama, wewe una ngapi?" Hapo ndipo penye mtego. Kwa desturi ya soko letu, ukitaja bei na mwenye mali akaridhia, umenunua. Ukigeuka hapo, kila aliye karibu atakuona wewe ndiye mbabaishaji. Sasa mtu anataja bei ya chini kabisa akidhani atakataliwa, apate upenyo wa kuondoka. Muuzaji anasema, "Haya, lete." Kama ni cha kukata kwenye jora, mkasi umeshaingia.

Shangazi yangu alitoka Buhigwe kuja kumnunulia mjukuu sare za shule. Alirudi na kitenge alichotupiwa begani namna hiyo, na sare zikangoja hadi mavuno ya maharage. Mtoto alianza muhula na shati la kaka yake. Ndiyo maana siwezi kulichukulia jambo hili kama vituko vya sokoni.

Ninachofanya mimi: sitaji bei ya kitu nisichokitaka, hata kwa utani. Nikiulizwa nina ngapi, nasema leo sinunui kitenge, nakirudisha mezani kwa mkono wangu, naaga vizuri, natoka.

Karibuni. Tusitaje majina ya maduka wala ya watu. Elezeni ilivyokuwa na mlivyojitoa.

Mama, Ujiji

Asante kwa mada, kaka. Linalonisumbua mimi ni hili la "nifungulie biashara". Ukifika asubuhi ukawa mteja wa kwanza, ukauliza bei na kuondoka, unaambiwa umewaachia nuksi ya siku nzima. Kuna dada alinifuata nyuma hadi barabarani, sauti juu, watu wanatazama: "Mama usiniache hivi asubuhi yote hii!"

Imani hiyo naijua vizuri. Bibi yangu aliuza mawese hapa Ujiji na alikuwa nayo. Lakini bibi alikuwa anampunguzia bei mteja wa kwanza ili aondoke na kitu, mkono wa heri. Siku hizi wanakutisha kwa imani ileile ili ulipe zaidi. Nikiambiwa nifungulie, nami nasema, "Basi nipe bei ya kufungulia." Akipunguza kweli na kitu nakihitaji, nachukua. Asipopunguza, simdai wala hanidai.

Muuza dagaa, Kibirizi

Naomba niwasemee wenzangu kidogo. Mimi nauza dagaa. Masika hakuna jua la kuanikia, mzigo ukilala na unyevu unaharibika na mtaji umekwenda. Ukiniona naita kwa nguvu siku ya mawingu, jua ninachokimbizana nacho.

Halafu kuna lile neno "kesho hupati bei hii", mnalidhania uongo kila mara. Kwa dagaa wa ziwani kwetu wakati mwingine ni kweli. Wavuvi wanavua usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawaifuati taa, boti zinapumzika, bei inapanda. Kwa hiyo mtu akikuharakisha, tazama mwezi umefika wapi. Kama giza ndiyo linaanza, mzigo unakuja, usikimbizwe na mtu.

Ila yapo ambayo hata sisi tunayakataa. Kumjazia mtu mfuko kabla hajasema kiasi siyo biashara. Na kuweka dagaa wazima juu, waliovunjika na mchanga chini, ni wizi. Mteja, ingiza mkono hadi chini ya gunia, toa wa chini, nusa, tafuna mmoja. Akiwa na mchanga, meno yatakwambia. Muuzaji akikushika mkono usifike chini, muache hapohapo.

Mdau, Kasulu

Mimi fupi. Vijana wa laini za simu, wale wenye mwavuli. "Dada ni bure, weka dole tu, nitimize idadi yangu." Unamwonea huruma, unaweka. Baadaye hujui ni laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA na nani anazitumia. Piga *106# uone namba zilizo chini ya jina lako. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la mtandao husika na kitambulisho chako waifute. Huruma nampa soda. Dole simpi.

Mdau, Tabora (Ng'ambo)

Yangu ni ya mama yangu mzazi, na sijaisamehe.

Walikuja watu wa virutubisho wakakodi ukumbi, wakatangaza kipimo cha mwili mzima kwa kompyuta kwa pesa ndogo. Mama akaenda na jirani yake. Anashikishwa kijichuma kama kalamu nene, waya umeingia kwenye kompyuta, dakika chache karatasi inatoka: figo zinachoka, ini lina mafuta, mgongo umesagika, moyo una shida. Hakutolewa hata tone la damu. Kisha anakaa mbele ya kijana mwenye koti jeupe anayemwita "bibi yangu" na kumwambia kwa upole kwamba akichelewa, watoto wake watakuja kulia. Dozi ilikuwa ya kiasi cha kuuza magunia ya mpunga.

Mama alipotaka kuondoka aje aniulize kwanza, wakamwambia punguzo linaisha leo. Alitoa alichokuwa nacho kama kianzio, wakabaki na namba yake ya simu, na tangu hapo wakawa wanampigia asubuhi na jioni kumkumbusha figo zake.

Nilimpeleka hospitali ya Kitete, hapa Tabora. Akapimwa damu, mkojo, presha. Figo hazina tatizo. Presha ipo kidogo, na karatasi ile ndefu haikuitaja hata kwa mstari mmoja. Hilo ndilo linalonitia uchungu: walimtisha kwa ugonjwa asiokuwa nao, na alionao wakauacha.

Simu tulizimaliza kwa mimi kupokea yeye akiwa kando. Nikasema, "Mimi ni mwanaye, dawa hatununui, namba hii msiipigie tena, kila simu naandika saa na namba." Niliandika kweli, na karatasi yao ninayo. Tume ya Ushindani, FCC, inapokea malalamiko ya walaji, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji kuhusu bidhaa. Sheria hiyohiyo inakataza biashara ya upatu ya kulipia kujiunga ili ulipwe kwa kuingiza wengine. Nalisema hili kwa sababu jirani yake mama walikuwa wameshamwambia kuwa akileta watu, dozi yake itarudi.

Mdau, Uvinza

Stendi ya mabasi ya Masanga, Kigoma. Mpiga debe anachukua begi lako, unalifuata begi, siyo gari. "Linatoka sasa hivi!" na dereva hajafika. Begi lako lishike mwenyewe, nenda dirishani, hakikisha tiketi ina jina lako, namba ya gari na saa ya kuondoka. Basi.

Aliyewahi kuuza kwa kamisheni, Tabora

Shikamoo wakubwa. Nimesoma yote, nikaona niseme ya upande wa pili. Nilikuwa nauza sola za mkopo vijijini, mteja analipa kianzio, halafu anamalizia kidogokidogo kwa simu. Mshahara ulikuwa jina tu, tulikuwa tunaishi kwa kamisheni.

Tulifundishwa hivi. Usimuulize mteja kama anataka, muulize taa tatu au nne. Mpe mtoto wake taa aiwashe. Funga safari yako jioni, giza likiingia, ili taa ijisemee yenyewe. Akisema hana pesa, muulize jana alinunua vocha ya shilingi ngapi. Akisema "ngoja nimuulize mzee", sema tutamuuliza pamoja, kaa msubiri.

Na mjue hili: "nitarudi", "nipe namba yako", "labda mwezi ujao" kwetu vilikuwa vinaandikwa kwenye daftari kama mteja anayekaribia. Wewe umesema kwa heshima ili usimuumize mtu, yeye kesho yupo mlangoni. Waliokuwa wananifanya niondoke kwa amani ni waliosema mapema, kabla sijafungua boksi: "Kijana wangu, sinunui, usipoteze jua lako hapa." Sikuwahi kuona hiyo kuwa dharau. Ilinipa nafasi ya kufika nyumba ya mbele.

Mdau, Kibondo

Kaka wa kamisheni, ubarikiwe. Swali: baba yangu amewekewa sola ya namna hiyo nisipokuwepo, kaweka dole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma. Taa ni nzuri, ila malipo ya siku aliyoambiwa na yale anayokatwa kwa ajili ya taa siyo sawa. Naanzia wapi?

Aliyewahi kuuza kwa kamisheni, Tabora

Anza na karatasi. Baba ana haki ya nakala yake. Kama hakuachiwa, idai ofisi ya wilaya ya kampuni kwa maandishi, siyo kwa wakala. Ndani tafuta bei yote mpaka mwisho, malipo ya kila siku, na kinachotokea akichelewa. Kisha fungua simu ya baba, nakili jumbe zote za malipo aliyotuma, tarehe na kiasi, uzilinganishe. Wakala akija kabla hujamaliza, baba asiweke dole kwenye karatasi nyingine yoyote.

Mleta mada, Mwanga

Kibondo, naongezea: nenda na baba mwenyewe ofisini, akieleze kwa mdomo wake alichoambiwa siku ile, nawe uandike akiwa anasema. Wakikataa kupokea maelezo yenu, omba jina la aliyekataa, na hayo yote yaingie kwenye malalamiko yenu FCC. Ukipata nakala, funika majina na namba, tuwekee hapa tuisome pamoja.