Wafadhili, mnatulazimisha tushirikiane, halafu hela ya kushirikiana hamtoi

Wakuu, leo nimefika shingoni, acha niseme.

Kazi yangu ni kuweka elektrodi, vijiwaya vya kunasa umeme, kwenye ubongo wa panya na kusikiliza seli za neva zinavyorushiana ishara wakati panya anaamua aende kushoto au kulia. Utafiti wa msingi huo, hautibu mtu kesho wala keshokutwa. Tuliomba ruzuku maabara tatu, taasisi tatu, kwa sababu mfadhili alishasema maombi ya maabara moja hata asiletewe. Tukapata. Tukapongezana. Kumbe hatujui tunachokipongeza.

Hela yote inaingia taasisi moja, wanaiita kiongozi, na hiyo ndiyo inawagawia wengine kwa mikataba midogo. Mwanasheria wa kwanza akabadilisha kifungu cha haki miliki. Wa pili akakirudisha kilivyokuwa. Wa tatu akaenda likizo. Miezi tisa! Haki miliki ya nini, jamani? Ya panya kukata kushoto? Nani atainunua? Na muda wa mradi ulishaanza kuhesabiwa tangu siku ya barua ya ruzuku. Panya wa maabara anaishi miaka miwili hivi, kwa hiyo wale niliokwisha kuwafundisha walinizeekea mikononi, nikaanza upya na vijana. Kamati za maadili nazo tatu, itifaki, yaani maelezo ya jaribio linavyofanywa, ni ileile neno kwa neno, na kila moja inataka fomu yake. Moja iliturudishia kwa sababu ya ukubwa wa herufi.

Hapo bado hatujafika kwenye data.

Maabara ya pili walileta matokeo yaliyopingana na yetu waziwazi. Miezi minne tukanuniana. Sisi tunasema elektrodi zao mbovu, wao wanasema uchambuzi wetu umepinda. Siku moja mwanafunzi, mdogo kuliko wote kwenye kikao, akauliza: kwenu taa za chumba cha panya zinazimwa saa ngapi? Kimya. Panya ni mnyama wa usiku. Sisi tulishageuza taa ili mchana wetu uwe usiku wake, wenzetu hawakugeuza. Walikuwa wanampima panya aliyekurupushwa usingizini! Miezi minne imekwenda na swichi ya taa.

Kitu kama hicho kinagunduliwa wiki ya kwanza na mtu ambaye kazi yake ni hiyo tu: kuoanisha itifaki, kutunza data, kuhakikisha saa za mitambo zinakubaliana. Tulimwombea mshahara mtu huyo kwenye bajeti. Akafyekwa, eti si mtafiti. Hadubini ya pili, ambayo hatukuihitaji sana, ikapita bila swali.

Na asije mtu hapa kuniambia basi kila mtu akae kwake. Ramani ya mfumo wa neva wa kile kinyoo kidogo cha maabara, C. elegans, iliyotoka 1986, ilikuwa na seli za neva 302, na kikundi kimoja pale Cambridge kilihangaika nayo zaidi ya miaka kumi. Ya ubongo wa nzi wa matunda iliyotoka 2024 ina karibu 140,000. Hiyo unaifanya peke yako kwa miaka mingapi? Ushirikiano hatuna budi nao. International Brain Laboratory, muungano wa maabara za nchi mbalimbali, walipoanza 2017 walikubaliana kwanza kifaa kimoja na itifaki moja, na wakaajiri watu wa kujenga mifumo ya data. Mwaka 2021 wakaonyesha panya 140 katika maabara saba wakifanya jaribio lilelile kwa namna inayofanana. Wao walikuwa na mfadhili aliyeelewa kwamba gundi ya kuunganisha maabara nayo inanunuliwa. Hata hela nyingi bila mpango haisaidii: ule mradi mkubwa wa Ulaya wa kuchunguza ubongo, Human Brain Project, ulianza 2013, na mwaka uliofuata tu mamia ya watafiti wakaandika barua ya wazi kulalamikia unavyoendeshwa.

Sasa nina fomu ya ripoti mbele yangu. Inauliza: "Mmefanya vikao vingapi vya pamoja?" Nimehesabu, ni 61. Vilivyomtaja panya ni 19. Kisanduku cha kueleza hivyo 42 vingine hakipo.

Waliopita njia hii, mikataba yenu ilichukua muda gani? Na yule mtunza data mlimficha chini ya jina gani kwenye bajeti?